Ramani ya Mama Pacha

Mbachao ni mkeka mkuukuu, uliotoboka hapa na kushonwa pale, ambao mwenyewe huukalia kila siku bila kuushukuru. Msala upitao ni mkeka mzuri wa mtu mwingine, unaopita mlangoni ukiwa umekunjwa begani. Mjinga huutupa wake jalalani kwa sababu ameuona ule unaopita, na jioni hukaa chini kwenye vumbi. Waliotuachia methali hii hawakuwahi kushika simu, lakini ungedhani walimjua Baba Pacha.

Baba Pacha alikuwa mwalimu wa hesabu na kocha wa timu ya mpira ya wasichana. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa dereva wa basi dogo la shule hiyohiyo. Simu ya mume ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji ya wachezaji, na tangu siku hiyo wawili hao wakawa wanatumia simu moja, ya mke. Ndoa yao ilikuwa imestahimili pacha waliolia kwa zamu mwaka mzima na paa lililovuja juu ya kitanda. Simu moja ndiyo iliyotaka kuishinda.

Simu yenyewe ilikuwa imejaa pomoni. Kila Mama Pacha alipotaka kulipiga picha gurudumu lililopasuka ili amtumie fundi, ilimjibu kwamba nafasi imekwisha. Ujumbe wa mwalimu mkuu ulikuwa ukikwama nje kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Jumapili moja mchana uvumilivu ukamwishia. Akaketi mezani, akavaa miwani, akaanza kufuta.

Alianza na vyake mwenyewe, maana alikuwa mtu wa haki. Akafuta picha za maua za kutakiana asubuhi njema, jumbe za sauti za shangazi zilizoanza kwa kikohozi na kuishia kwa kikohozi, na mzaha mmoja uliotumwa na ndugu saba tofauti. Akafuta hata picha za nywele zake alizosuka vizuri mwaka juzi, na hilo lilimuuma. Kisha akafika kwenye video za mumewe, akashusha pumzi.

"Baba Pacha, hii ni ya nini? Dakika nne za nyasi tupu!"

"Nilisahau kuizima," mume akajibu bila kuinua macho kwenye daftari alilokuwa akisahihisha. "Lakini isikilize mpaka mwisho. Inasikika sauti yangu nikitoa maelekezo."

"Sauti yako naisikia bure humu ndani kila siku."

"Usifute! Hiyo ni historia ya timu. Futa hilo liramani lako. Giga moja na nusu, la nini? Siku hizi ramani zipo mtandaoni, mpya, zinakuonyesha hadi foleni."

Hapo mke akaivua miwani. Ramani ile alikuwa ameipakua miaka mitatu nyuma, ikakaa ndani ya simu na kufanya kazi hata mahali ambapo mtandao haujawahi kukanyaga. Humo alikuwa ameweka alama zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kila alipopita: daraja bovu, kona yenye utelezi, shimo lililowahi kummeza gurudumu zima, nyumba ya fundi anayefungua hata siku ya mapumziko. Ramani ya nani mwingine ingekuwa na hayo?

"Kule nyuma ya milima huo mtandao wako utaupata wapi?"

"Wameshajenga mnara."

"Umeuona?"

"Nimesikia."

"Basi nami unisikie," akasema Mama Pacha, akaweka memori kadi mpya juu ya daftari. "Video zako zote hamishia humu. Ramani yangu usiiguse."

"Kesho nitahamisha."

Kesho ya Baba Pacha haikuwa na tarehe. Memori kadi ikageuka kuwa alama ya ukurasa ndani ya kitabu cha hesabu.

Wiki hiyo timu ikaingia fainali. Miaka kumi na mmoja kabati la vikombe pale shuleni lilikuwa likihifadhi chaki, na sasa kikombe kilikuwa umbali wa mechi moja. Kipa wa timu alikuwa katika mwaka wake wa mwisho shuleni, na hakuna siri kwamba ni mikono yake iliyowafikisha hapo. Mechi ingeanza saa nne kamili, katika shule moja nyuma ya milima. Kanuni ilikuwa fupi: timu ikichelewa nusu saa, imeshindwa.

Jumamosi alfajiri wasichana wakapanda basi. Kipa alikuwa tayari amevaa glovu.

"Utazichakaza bure," Mama Pacha akamtania.

"Nazizoesha njia, mama," akajibu, na basi zima likacheka.

Barabara ya lami waliimaliza kwa nyimbo. Baba Pacha, kiti cha mbele, alirekodi jua, akarekodi wachezaji, akairekodi hata pua yake. Saa mbili na nusu wakakuta njia kuu imefungwa, daraja linatengenezwa, na kibao kikiwaelekeza kwenye mchepuko wa udongo. Kibao kilikuwa kimoja tu. Baada ya kilima cha kwanza njia ikagawanyika mara tatu, na kila tawi lilionekana kama ndilo lenyewe.

Mama Pacha hakushtuka. Alisimamisha basi, akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Akapekua kurasa zote za simu. Akarudia tena. Kisha akageuka taratibu.

"Ramani yangu iko wapi?"

"Ipo mtandaoni," mume akasema haraka. "Ngoja nikufungulie ile mpya."

Ile mpya ikafunguka. Nukta ya bluu ikatokea katikati ya weupe mtupu, hakuna barabara, hakuna mlima, hakuna jina. Mtandao ulikuwa umewaaga nyuma ya kilima, tena bila kupunga mkono.

"Baba Pacha. Umeifuta?"

"Jana, kwenye chumba cha walimu. Nilitaka nafasi ya kurekodi fainali. Simu ilipanga vitu kwa ukubwa, na ramani ndiyo ilikuwa juu kabisa. Video zangu zote zilikuwa chini yake, vitu vidogovidogo."

"Vidogovidogo vingapi?"

Akakohoa. "Mia mbili na kitu."

Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshindwa kujumlisha. Maneno yote aliyokuwa nayo Mama Pacha hayakufaa kusikiwa na wanafunzi. Alama zake za miaka mitatu zilikuwa zimekwenda kwa kidole kimoja, na sasa saa ya basi ilisema saa tatu kasoro dakika tano.

Wakauliza watu. Mwenye baiskeli akawaambia washike kushoto mpaka kisimani. Kisima wakakipata, na mbele yake barabara ikaishia kwenye machimbo ya kokoto. Wakarudi. Mama aliyebeba kuni akasema kulia, si mbali. Ile si mbali yake ilikuwa ya mtu wa miguu mwenye subira, na njiani kulikuwa na shimo ambalo Mama Pacha alilikumbuka mara tu gurudumu lilipoingia. Lilikuwa kwenye ramani. Wasichana wakashuka wakasukuma, wakiwa ndani ya jezi zao nyeupe.

Walipofika ilikuwa saa tano kasoro robo. Nyavu zilikuwa zikifunguliwa golini. Mwamuzi, aliyekwisha kuvaa shati lake la nyumbani, akawaonyesha karatasi iliyotiwa saini, akawapa pole kwa sauti ya mtu anayeharakia chakula. Wapinzani wao walikuwa wakicheza ngoma kuzunguka kikombe walichokipata bila kugusa mpira.

Baba Pacha aliomba, akabisha, akataja daraja, akataja kibao. Mwamuzi akamuuliza swali moja tu: "Wenzenu nao wamepita mchepuko huohuo. Wamefikaje?"

Kipa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi. Alizivua glovu, akazikung'uta udongo, akazikunja vizuri kana kwamba kesho atazihitaji. Ndipo akamwangalia kocha wake.

"Mwalimu, ile nafasi uliyoipata kwenye simu," akasema kwa upole, "sasa turekodi nini?"

Baba Pacha alipanda basini, akakaa kiti cha nyuma kabisa, akaanza kufuta. Akafuta mazoezi, akafuta pua yake, akafuta dakika nne za nyasi pamoja na sauti yake na maelekezo yake. Akapata giga sita. Kisha akaja mbele na simu mikononi kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama Pacha, nimepata nafasi. Niipakue upya?"

"Pakua."

Akabonyeza. Simu ikamjibu kwamba hakuna mtandao.

Hata njia ya kurudi hawakuijua. Ikabidi wangoje mpaka wapinzani wamalize kushangilia, wapande lori lao, ndipo Mama Pacha akawafuata nyumanyuma, vioo vimepandishwa, vumbi la lori likipiga kioo cha mbele na nyimbo za ushindi zikipenya hata hivyo. Kikombe kilikuwa kimeinuliwa juu ya vichwa, kiking'aa kila lori lilipokata kona. Hakuna aliyekirekodi. Mwendo mzima Mama Pacha alisema sentensi moja tu, na hakuisema kwa hasira tena, maana hasira nayo ilikuwa imechoka:

"Usiache mbachao kwa msala upitao."