Ngoma ya Kimbunga

We unayebetua midomo huko nyuma, kaibetue kwenu. Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi tulia, nasimulia mimi.

Palikuwa na Sultani, Hilali jina lake, aliyempenda farasi wake kuliko wake zake wote wanne, nao wanajua. Farasi huyo, Kimbunga, alipumzishwa masika nzima. Pumziko gani hilo! Kula, kulala, kula. Na kila akiletewa chakula anapigiwa ngoma, kama bwana harusi.

Masika ikaisha. Sultani akatangaza: Kimbunga anarudi uwanjani, atashindana na farasi wa Sultani wa ng'ambo. Kila nyumba ilete mbuzi wa kumwekea dau.

"Akishinda, mbuzi ni wangu, maana farasi ni wangu. Akishindwa, mbuzi ni wangu, maana hamkumwombea dua."

Watu wakatazamana, wakaenda kufungua mbuzi. Mjane Mwanamvua, muuza maziwa, alikuwa naye mmoja tu. Akichukuliwa huyo, auze nini? Mate?

Siku ikafika. Mgeni kaja na farasi jike, mwembamba kama ufagio. Kimbunga akatolewa, tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Na mbio zao hufunguliwa kwa nini? Kwa ngoma!

Ti! Kimbunga akasimamisha masikio, akageuka, akatimka, mpandaji juu yake anapiga mayowe, moja kwa moja hadi bandani kwenye hori lake. Akalikuta tupu. Akajilaza. Watu waliuma vilemba wasicheke.

Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye ua wa jumba. Sultani kakaa hapo na mgeni wake, wanakunywa kahawa, uso wake kama kameza ndimu. Mwanamvua akaingia, majirani nyuma yake.

"Nashika miguu, Bwana. Nimemfuata mbuzi wangu."

"Mbuzi gani? Amri hukuisikia?"

"Niliisikia, masikio ninayo. Nauliza tu, Kimbunga kashinda?"

Sultani akakohoa. "Kushinda... hakushinda."

"Ahaa. Basi kashindwa. Na ule ufagio wa mgeni wetu."

Mgeni akajipapasa ndevu, anatabasamu.

"Nani kasema kashindwa? Kimbunga wangu hashindwi!"

"Mimi sibishani, Bwana. Wewe sema kashindwa, hapa mbele ya mgeni, kwa sauti. Uchukue mbuzi wote, hata pembe."

"Thubutu! Hakukimbia, atashindwaje?"

"Mbona kakimbia, tena mbio za kweli! Ila kakimbilia ubwabwa."

Mgeni akapaliwa na kahawa.

"Hakushinda wala hakushindwa!" Sultani akanguruma, kilemba kikamwinama. "Bado yuko mapumzikoni! Kalala!"

"Hakushinda, hakushindwa. Basi dau halipo."

Mwanamvua akafungua kamba ya mbuzi wake. Majirani nao wakafungua za kwao, haraka haraka. Sultani akafumbua kinywa apige ukelele. Mwanamvua akaweka kidole mdomoni.

"Shh! Taratibu, Bwana wangu. Utamwamsha, halafu ashindwe."

Akatoka na mbuzi wake, akaufunga mlango polepole.