Sauti Ndani ya Mto Kidundu

Hadithi imebisha hodi, ifungulieni!

Mto Kidundu ulikuwa kijito tu. Uliingia shimoni kwenye mawe ya chokaa, ukapita gizani, ukatokea bondeni kwenye chemchemi ya kijiji. Siku moja chemchemi ikakauka, watoto wakalia kwa kiu. Nyamvula akachukua mwenge na kapu la makapi ya mpunga, aingie kuuzibua.

“Nakungoja chemchemini,” mama yake akamwambia. “Na mila unaijua. Sitatamka neno mpaka maji yatoke.”

Huko ndani zimwi lilikuwa limelala limeziba mkondo. Nyamvula akalimwagia makapi puani. Likapiga chafya, likabingirika, maji yakapita kwa kishindo, mwenge ukazimika.

Gizani, kutoka pango la pembeni, mama akaita, “Mwanangu, njoo huku pakavu!”

Nyamvula akapiga hatua.

“Njoo, mwanangu, maji yatakumeza!” Ni mama kabisa, hata kikohozi chake.

“Njoo, Nyamvula, nakufa kwa hofu!”

Akainua mguu. Akaurudisha. Maji ndiyo kwanza yanaondoka. Huko nje hayajafika. Mama hawezi kusema!

Akajitosa mkondoni.

Chemchemini yakatangulia makapi, akafuata Nyamvula, mzima. Mama akamkumbatia, akafungua kinywa amwite jina.

Kimya. Zimwi lilikuwa limeshaiiba sauti yake.

Hadithi yangu imezama shimoni. Mkiisikia inawaita, msiende.