Ulimi wa Kengele ya Ighembe

Haya, sogeeni, tegeni masikio! Anayesonga ugali asonge huku akisikiliza, na aliyechoka asisinzie, maana leo mwishoni hamuagwi. Mtaulizwa.

Huko milima ya Upare, kijiji cha Ighembe, palikuwa na watu watatu. Nakijwa alikuwa na sikio. Kuku wa jirani akikohoa, yeye anajua ni yupi. Elisaria seremala alikuwa na mikono. Kilichofungwa hukifungua bila kukivunja. Na Mbonea, mfua chuma, alikuwa na moto. Chuma kikimwona tu kinajinyoosha chenyewe, walimtania hivyo.

Ighembe kuna kanisa la mawe la tangu enzi za mababu. Ndani mna mimbari ya mvule isiyo na msumari hata mmoja, birika la ubatizo lililochongwa kwenye jiwe zima, na juu mnarani kengele kubwa. Kila ukoo uliobeba mawe ya kujengea ulipewa mlio wake. Mtu wa ukoo huo akioa au akifa, kengele hulia mlio wao, na aliye shambani hutua jembe akajua ni nani. Asiye na mlio huzikwa kimya. Ndiyo mila, msinitazame mimi.

Vita vilipofika milimani, wazee watatu walihofu kengele itachukuliwa ikayeyushwe. "Isiyolia haitafutwi," wakasema, wakauchomoa ulimi wake wakauficha. Vizuri! Ila waliapa wasimwambie mtu, hata wake zao, na homa ikawafagia wote kabla vita havijaisha. Mmeiona akili hiyo? Kengele ikabaki bubu. Wakaitia ulimi mwingine, ukanong'ona tu. Wakatia mzito zaidi, nusura uipasue. Tangu hapo milio ikapigwa kwenye ringi ya lori, kwe kwe kwe, hata maiti anaona aibu.

Kanisa lilipokaribia kutimiza miaka mia, Mzee Sekiete, mkubwa wa wazee wa kanisa, aliapa mbele ya madhabahu: "Atakayeifanya kengele ilie tena, atapewa mlio wake, yeye na watu wake wote, walio hai na waliokufa. Mtu mmoja, mlio mmoja!"

Nakijwa moyo ulimruka. Mama yake, Bi Nanzia, alifika Ighembe akikimbia njaa, mtoto mgongoni, akalifagia kanisa lile maisha yake yote. Sasa alikuwa kitandani, hali si nzuri.

"Nakijwa mwanangu," alisema, "nimewafagilia watu arusi zao na misiba yao. Mimi nitaondoka kama paka?"

"Hapana, mama. Utausikia mlio wako kwa masikio yako," Nakijwa akamjibu. Alipotoka nje alilia, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

Siku moja akifagia badala ya mama yake, vijana wa tarumbeta walikuwa wakifanya mazoezi. Tarumbeta la besi liliponguruma, Nakijwa akasikia kitu kinaitikia, nguuu, chinichini. Akatupa ufagio. "Rudia hiyo!" Likanguruma, kikaitika. Akabandika sikio kwenye nguzo ya mimbari.

"Humu mna chuma!" akapiga kelele.

Watu wakacheka. Mimbari isiyo na msumari, chuma kitoke wapi? Lakini Nakijwa hakubanduka, mpaka Mzee Sekiete akakubali ifunguliwe. "Ila ubao mmoja ukipasuka," akaonya, "mambo yameishia hapo."

Ndipo akaitwa Elisaria. Huyu aliokotwa akiwa kichanga, amefungwa kanga, juu ya benchi la kanisa hilohilo. Hana ukoo. Sasa alikuwa ameposa, na wakwe walimuuliza swali moja tu: "Siku ya arusi mtapigiwa mlio wa nani?"

Akaipapasa mimbari kama mkunga, akazipata pini za mti zilizofichwa, akaanza kuzibembeleza moja moja. Hakuna aliyethubutu kupiga chafya. Ubao ukatoka mzima, mwingine ukafuata. Nguzo ikafunguka, na ndani, ndani ya ngozi ya ng'ombe, ulimi wa kengele umesimama wima!

Lo! Miaka yote hiyo wachungaji walisimama juu yake, wakimwomba Mungu awaonyeshe ulimi ulipo!

Furaha ikakatika ghafla. Pete ya kuutundikia ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki unga. Wote wakamgeukia Mbonea.

Ukoo wa Mbonea haukupewa mlio, kwani zamani wafua chuma waliogopwa, wakaachwa nje ya mambo. Mwaka uliopita alizika watoto wake wawili mapacha kimyakimya. Alipotoka makaburini alisikia ndege tu, na jambo hilo lilimuuma kuliko jembe lililowafukia.

Akawasha moto. Ukizidi, ulimi unaharibika sauti. Ukipungua, pete haishiki. Chuma cha dukani kilikataa. Basi akachukua nyundo ya babu yake, urithi wake pekee, akaiyeyusha kichwa akaifanya pete. Viganja vikamvimba malengelenge. Pete ikashika!

Siku ya jubilei kanisa lilifurika mpaka madirishani. Ulimi ukatundikwa, Mzee Sekiete akaivuta kamba. Ngooo! Sauti ikavuka mabonde. Wanawake wakapiga vigelegele, vizee wakakumbatiana, Mzee Sekiete mwenyewe akalia mbele ya wajukuu zake.

"Sasa mlio wa nani?" mtu akauliza.

"Wape wote watatu!" wengine wakadakia.

"Hapana! Milio ikirundikana, aliye shambani atajuaje kafiwa nani? Niliapa mlio mmoja." Mzee Sekiete akamtia Nakijwa kamba mkononi. "Wewe ndiye uliyesikia kwanza, mwanangu. Mtaje mwenye mlio, na ndivyo itakavyokuwa hata milele."

Nakijwa akaishika. Kupitia mlango ulio wazi aliona ng'ambo ya bonde: mama yake ametolewa nje, uani, na kitanda chake, kichwa kimeelekezwa kanisani, anangoja. Alitaka mlio ule kuliko kitu chochote. Akageuka. Benchi la mbele wakwe wa Elisaria wamemkazia macho kijana, na mchumba wake anajifuta machozi. Pembeni Mbonea amefumba macho, mikono imefungwa vitambaa, midomo yake inataja majina mawili ya watoto.

Bila sikio, ulimi ungekuwa mimbarini mpaka leo. Bila mikono, mimbari ingepasuliwa au ingeachwa. Bila moto, chuma kile kingekuwa cha kutazama tu. Na Nakijwa amekwisha kufumbua mdomo.

Wewe unayetazama chini, nimekuona! Kamba ingekuwa mkononi mwako, na mama yako akiwa kule uani anasikiliza, ungetaja jina la nani?