Pilau Aliyoisimamia Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko kazi za kuwapa, palikuwa na Sultani mmoja jina lake Mfaume, naye alijiona anajua kila kitu, na alichokijua zaidi ni kazi za watu wengine. Pilau ikitiwa motoni, yeye huyo jikoni, anafunua mfuniko, anachungulia, anakoroga, anaongeza maji. Mvuke wote hutoka, wali hubaki na kiini. Basi akishaung'ata tu, humfukuza mpishi. Ikawa kwa mwaka mmoja amefukuza wapishi sita, akabaki Bi Mwanakheri, mjane mwenye watoto wanne, aliyepika jicho moja likiwa mlangoni.

Nyuma ya jiko hilo alishinda Machano, fukara asiye na mbele wala nyuma, aliyeishi kwa ukoko anaopewa na Bi Mwanakheri. Watu walimwita mpumbavu, naye hakuwahi kuwabishia, kwani mdomo ulikuwa umejaa.

Siku moja wakaja wageni kumposa binti wa Sultani. Sultani akamwita Bi Mwanakheri mbele ya kadhi, akanena, "Kesho nitakaa jikoni tangu moto kuwashwa. Pilau nitaiona kila hatua, na mfuniko nitaufunua nipendapo. Na ikitoka mbovu, aliyeisimamia atolewe jikoni mwangu, asikanyage humo tena maisha yake. Kadhi, andika."

Kadhi akaandika. Bi Mwanakheri akarudi uani kajishika kichwa. "Machano mwanangu, kesho mimi sina kazi, na wewe huna ukoko."

Machano akaacha kutafuna. "Sina ukoko? Hilo sasa si jambo la mzaha. Nitafutie sufuria mbili, bibi."

Asubuhi Machano akamwekea Sultani kiti jikoni, na mbele yake sufuria ya kadiri juu ya mafiga, akamkabidhi mwiko kwa mikono miwili. "Maulana, pilau hii hapa. Amri ni yako, sisi ni masikio tu."

Sultani akaona raha isiyo kifani. "Chumvi," akasema, ikatiwa. "Maji." Yakatiwa. "Mbona imenyamaza? Maji tena. Na chumvi." Kazi ya Machano ikawa kuitikia, "Labeka, maulana, hilo sisi lisingetupitia akilini."

Huko uani, nyuma ya ukuta, Bi Mwanakheri akapika katika sufuria kubwa, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, akakaa kitako. Hapana aliyemsemesha. Wala hakugeuka kutazama mlango.

Adhuhuri wageni wakaandaliwa kutoka sufuria kubwa, wakala, wakalamba vidole. Sultani, kwa heshima yake, akaletewa sinia lake peke yake. Akatia mkono, ukatoka na mashendea ya majimaji, yenye chumvi ya kutosha kukausha papa mzima.

"Uchafu gani huu?" akanguruma. "Nani aliyeisimamia pilau hii?"

Machano akapiga magoti. "Maulana, mimi mpumbavu, mambo hunitoka kichwani. Kadhi, hebu tusomee."

Kadhi akakohoa, akasoma, neno moja moja, bila haraka, maana hata yeye alikuwa amekula wali wenye kiini mwaka mzima.

Sultani akatazama sinia lake, akatazama ya wageni. "Na ile yao?" akauliza, sauti imeshuka. "Ile nani aliisimamia?"

"Ile haikusimamiwa, maulana. Ilipikwa."

Mkubwa wa wageni akacheka mpaka punje zikamtoka puani, na wenziwe wakafuata. Sultani alipoona hana pa kujificha akacheka naye, ingawa kicheko chake kilichelewa kidogo. Akamwamuru Machano ataje zawadi, naye akataka ukoko wa sufuria kubwa, kila siku, kwa hati ya kadhi. Bi Mwanakheri hakuomba kitu. Alichota jivu, akachora mstari kizingitini mwa jiko.

Basi toka siku ile, kila adhuhuri, Sultani Mfaume akawa anasimama nje ya mstari ule, kilemba kichwani, anavuta harufu.

"Bi Mwanakheri, imeiva?"

"Bado, bwana."

Naye, mwenye mji na watu wake wote, akangoja.