Bi Mjusi na Kipimo cha Alfajiri

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na viti na kupika majungu kama sisi, kulikuwa na mjusi mmoja mzee. Alikaa katika ufa wa jabali, ukingoni mwa mto Luhanje. Majirani walimwita Bi Mjusi.

Sogeeni karibu. Na wewe uliye nyuma, acha kutafuna muwa, nakusikia wewe kuliko ninavyojisikia mwenyewe.

Mimi na nyinyi tuna moto wetu ndani ya mwili. Tunalala nao, tunaamka nao. Mjusi hana moto huo. Wala nyoka hana, wala kobe, wala mamba. Kukipoa nje, na damu yao inapoa. Hawawezi kukimbia, hata chakula hakisagiki tumboni, mpaka waote jua kwanza. Kwa hiyo pale Luhanje, kunyimwa jua kulikuwa ni kunyimwa uhai.

Na jua zuri lilikuwa mahali pamoja tu, juu ya Jiwe Pana. Asubuhi lilipata miali ya kwanza, na jioni bado lina joto lake. Wakubwa kwa wadogo waliota hapo bila ugomvi, hadi siku Mamba alipofanywa jumbe.

Mamba huyo alikuwa mkubwa, acha tu! Akipiga mkia majini, pwaa! hata viboko wanahama. Siku ya kwanza ya ujumbe wake akatoa sheria.

"Jiwe Pana ni la vijana! Wazee wote wahamie nyuma ya jiwe, kivulini. Jua la nini kwa mtu asiyewinda?"

"Na mzee tutamjuaje, Jumbe?" akauliza Chatu, mgambo wake.

"Kwa gamba! Kipupwe kikianza, kila mtu alete gamba alilojivua, alitundike kwenye ua wangu. Aliyevua gamba zima, toka puani hadi mkiani, ni kijana. Lililochanika ni la mzee."

Basi baridi ya kipupwe ikaingia, magamba yakatundikwa. La Chatu lilikuwa refu, limenyooka, limezunguka ua mara mbili. Bi Mjusi akafika na kikapu kidogo. Akamwaga vipande vyake chini.

"Ni nini hii?" Chatu akacheka, sss-sss-sss. "Gamba au maganda ya karanga?"

"Ni gamba langu, mwanangu. Zamani nilikuwa nikilivua kwa siku moja. Siku hizi linanichukua nusu mwezi, na vidoleni linaganda mpaka natoka damu."

"Kivulini, bibi! Anayefuata!"

Bi Mjusi akahamia kivulini. Huko alimkuta Kobe, jirani yake wa zamani, amekunja shingo yake ngumu ndani ya nyumba yake yenye ufa. Ufa ule aliupata alipoporomoka mlimani mwaka juzi, na mpaka leo mfupa haujaungana.

Kulikuwa na baridi! Panzi aliyemezwa na Bi Mjusi siku ya kwanza alikaa tumboni siku tatu kama jiwe. Lakini kilichomtia hofu hasa ni mkia. Kipanga alikuwa amemshika mkia, naye akaukata akauacha, kama wafanyavyo mijusi wote. Ujanani mwake, mkia ukikatika, haukupita mwezi ukaota mwingine. Safari hii miezi mitatu imepita, na kilichoota ni kibutu tu, gegedu tupu lisilo na mfupa, na kidonda bado kibichi. Bila jua kisingefunga. Na kidonda kisichofunga, wanangu, huua.

"Tukubali tu, jirani," Kobe akasema. "Uzee hauna dawa."

"Uzee hauna dawa, kweli," Bi Mjusi akajibu. "Lakini baridi ina dawa. Dawa yake ni jua, na mimi nalitaka jua langu."

"Utapigana na Mamba? Wewe, na hicho kibutu chako?"

"Nani kasema napigana? Hebu niambie, Kobe. Sufuria ya shughuli na kibirika cha chai, ukiviinjika motoni pamoja, kipi kitachemka kwanza?"

"Kibirika, bila shaka."

"Basi."

Kobe hakuelewa kitu. Bi Mjusi akaondoka, polepole, mguu mmoja mmoja, maana viungo vilikuwa vimekaza.

Alimkuta Mamba amejinyoosha juu ya jiwe saa sita mchana, amepata moto hadi kwenye kucha. Chatu alikuwa pembeni yake. Vijana kwa wazee walikuwa wamejaa ukingoni, maana siku hiyo kulikuwa na baraza.

"Hodi, Jumbe!"

"Rudi kivulini, ajuza!"

"Narudi. Nilikuja kukutetea tu, basi niache?"

Mamba akafungua jicho moja. "Kunitetea kwa nani?"

"Watu wana maneno, Jumbe. Wanasema sote tumepimwa kwa gamba, isipokuwa wewe. Wanasema ngozi ya mamba haivuliki nzima kama ya nyoka, inabanduka kipande hapa, kipande pale. Sasa kwa sheria ile ile..."

"Nyamaza!" Mamba akanguruma. Akatupa macho ukingoni. Wote walikuwa wanamtazama.

"Ndivyo nilivyowaambia na mimi: nyamazeni!" Bi Mjusi akasema upesi. "Nikawaambia uzee hauko kwenye gamba, uko ndani ya nyama. Nyama ya kijana huamka mapema, nyepesi. Nyama ya mzee huamka imekaza kama kamba ya kisima. Mpimeni Jumbe alfajiri, nikasema, mtaona ujana!"

"Vipi, alfajiri?"

"Tulale wote mchangani, chini ya jiwe hili. Jua likichomoza tupande. Wa kwanza kufika kileleni ndiye kijana wa Luhanje, na ndiye atakayepanga nani aote wapi. Wa mwisho ndiye mzee wetu."

Mamba akacheka mpaka tumbo likagonga jiwe. Alikuwa na moto wa saa sita, mwili wote unamwitikia. Jana tu mchana alimrukia kambale, hap! kwa mruko mmoja.

"Na nani atashindana nami? Wewe usiye na mkia?"

"Mimi wa kukusindikiza tu, Jumbe."

"Nakubali! Mbele ya wote, nakubali! Chatu naye atashindana, apate kumpiga kumbo huyu bibi."

Mnaona alipokosea? Mamba tangu azaliwe hajalala nchi kavu hata usiku mmoja. Maji ya mto hutunza joto la mchana, naye alilala humo, akatoka jua likishapanda. Chatu naye alilala ndani ya kichuguu, mna joto kama jikoni. Wakubwa hawa hawakuijua baridi ya alfajiri ya kipupwe. Aliyeijua ni yule waliyemtupa kivulini. Yeye alikuwa amelala nayo mwezi mzima, akajua inaanzia wapi mwilini na inaondokaje.

Shahidi akachaguliwa Mama Kanga, kwa sababu yeye ni ndege, ana moto wake, hutembea hata kukiwa na umande.

Kukapambazuka. Ukungu umelala mtoni. Mama Kanga akaja, taka-taka-taka, akawakagua washindani.

"Ke-ke-ke! Jumbe, umeamka?"

Mamba alikuwa kama gogo lililoletwa na mafuriko. Jicho lilikuwa wazi, linazunguka, lakini hakuna kingine kilichokubali kusogea. Chatu naye alikuwa amejikunja, shingo imekakamaa, hata ulimi haukutoka.

Na Bi Mjusi? Niwaambie ukweli, Bi Mjusi aliogopa. Alijaribu mkono, mkono ukakataa. Akajaribu mguu, mguu ukakataa. Kibutu kilimuuma kama kimetiwa pilipili. Akajisemea moyoni, hivi nimejichimbia kaburi kwa mdomo wangu?

Lakini alikuwa amechagua pa kulala, upande wa mashariki, juu ya kokoto moja nyeusi. Mwali wa kwanza ulipopenya ukungu, ulimpata yeye. Akaugeuzia ubavu, akajitandaza bapa, akaitia ngozi weusi kadiri alivyoweza, maana ngozi nyeusi hunywa jua. Akangoja. Kuna watu hawajui kungoja. Yeye alijua.

Kidole kimoja kikacheza. Tik.

Kikafuata cha pili. Tik, tik.

"Anasogea!" Mama Kanga akapiga yowe. "Ke-ke-ke-ke! Bibi anasogea!"

Ukingo mzima ukaamka. Kobe alichungulia kwa mbali, shingo ikitoka nukta kwa nukta.

Ujanani Bi Mjusi angelipanda jiwe lile kwa pumzi moja, pyuu! Sasa alipanda kama mtu mwenye ndoo kichwani. Hatua, akapumzika. Hatua, akapumzika. Katikati akateleza, srrr! akarudi chini nusu ya njia, na kidonda kikatoka damu.

"Basi, jirani, inatosha!" Kobe akalia.

"Haijatosha," akasema Bi Mjusi, akaanza upya.

Mamba aliyaona yote kwa lile jicho lake. Hasira zikamjaa. Mwili ulikuwa bado mzito, sufuria ile haijapata hata uvuguvugu, lakini akakusanya nguvu zote alizonazo angurume, ajuza aporomoke kwa hofu. Akafunua kinywa, aaaa... Mngurumo haukutoka. Kinywa kikabaki wazi, na jua likaingia ndani.

Mama Kanga akainamisha kichwa, akachungulia.

"Makubwa! Jumbe, meno yako wapi?"

Wote wakasogea. Upande huu matatu, upande ule mawili. Kwingine ni fizi tupu, nyekundu, laini kama za mtoto mchanga. Mnajua mamba kijana jino likimtoka, jingine liko chini linangoja zamu. Lakini akizeeka sana fizi huchoka, na jino likitoka limetoka moja kwa moja. Kumbe ndiyo maana Jumbe alikula peke yake, na kambale aliwameza wazima wazima!

"Nimefika!" sauti ndogo ikasikika juu.

Bi Mjusi alikuwa kileleni, kifua kinapanda na kushuka, jua lote ni lake.

Vigelegele vilichukua muda. Vilipotulia, Mamba naye alikuwa ameanza kupata moto. Akajiburuta, macho mekundu, akaufikia mguu wa jiwe.

"Nitakutafuna, ajuza wewe!"

"Kwa fizi, Jumbe?"

Ukingo mzima ukaangua kicheko. Hata Chatu alicheka, ingawa shingo yake bado ilikuwa imekakamaa. Mamba alikubali kipimo mbele ya wote, na mbele ya wote kipimo kilikuwa kimemkataa. Akainamisha kichwa, akajiburuta hadi kivulini, pale pale alipowatupa wenzake.

"Sasa sikilizeni," Bi Mjusi akasema. "Kuanzia leo juu ya jiwe ni kwa wazee na wenye vidonda. Nyama zetu zimekaza, ngozi zetu nzito kuvulika, mifupa haiungani upesi. Sisi ndio wenye shida ya jua. Vijana mkae chini. Nyinyi hata kokoto inawatosha."

Kobe akasukumwa na vijana watatu, hoo, hoo, akapandishwa. Ufa wake ukalitazama jua.

Mchana ukapita. Kule kivulini, Mamba alikuwa ameanza tena kukakamaa. Kobe akamwangalia, akakohoa.

"Jirani, umesema ni jiwe la wazee. Mzee yeyote?"

"Mzee yeyote."

"Hata yule?"

Bi Mjusi alikuwa na kinyongo, na nani asingekuwa nacho? Mwezi mzima wa baridi si mchezo. Mwisho akatembea hadi ukingo wa jiwe, akainama.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Mamba akatazama pembeni. Mtu haitikii shikamoo kama si mkubwa, na yeye alijua akiitika amekiri.

"Shikamoo, kaka."

Upepo wa baridi ukapita. Mamba akafunga macho.

"Marahaba," akasema, chini chini.

"Sema kwa sauti. Kobe hasikii vizuri."

"Marahaba!"

"Haya, panda. Lakini kaa huku nyuma yetu, usinizibie jua."

Akapanda, akakaa alipoambiwa. Kabla ya mvua za vuli kidonda cha Bi Mjusi kilikuwa kimefunga. Mkia uliota mfupi na umepinda, lakini yeye aliupenda hivyo hivyo.

Nami nanyamaza hapa, wanangu, mkalale na hili: anayemfukuza mzee juani, anajitandikia mkeka wake kivulini.