Breki Zilizosifiwa kwa Kushika

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Mlio kule nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo na mimi siumi mtu. Kabla hatujaendelea na somo letu nataka niwaambie habari ya gari. Ndiyo, gari. Mzee wangu pale ameanza kucheka, subiri kwanza, utanyamaza mwenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Jina simtaji, maana nikimtaja mtaanza kugeuka kuangaliana. Alikaa bondeni, na kanisa lao lilikuwa juu mlimani, juu kabisa, utadhani waliolijenga hawakuwa na magoti ya kuuma. Marehemu mumewe alimwachia gari dogo la zamani ambalo hapo mwanzo lilikuwa la bluu. Yule baba alilipenda gari lake jamani! Alikuwa akilifuta kila asubuhi kabla hata hajanywa chai. Na binti yao alipokuwa mdogo alimwahidi, "Wewe siku ya harusi yako utapanda gari hili, na dereva nitakuwa mimi."

Haya. Baba akafariki. Binti akakua, posa ikaja ikapokelewa, Jumamosi ya harusi ikapangwa. Watu wakamshauri mama akodi gari zuri la maharusi, lile la kupambwa maua. Hataki hata kusikia. "Baba yake alitoa ahadi," akasema, "na mimi nitaitimiza. Mwanangu atafika kanisani kwa gari la baba yake, hata kama nitalisukuma kwa kifua." Mnamsikia mama huyo? Hakuwa anatafuta usafiri. Alitaka neno la mumewe lisianguke.

Sasa shida ikaja hapo. Gari lilikuwa limekaa uani masika yote bila kuguswa. Siku walipoliwasha, injini ikaitika vizuri tu. Lakini kuondoka? Thubutu! Majirani wakasukuma, likalia "kakaa!" huko chini, ndipo likatoka. Na likitembea linatembea kwa uzito, kama mtu anayepelekwa asikotaka. Kwenye tambarare linalalamika. Ukilielekeza mlimani, linavuta, linavuta, halifiki hata kona ya kwanza, linazima. Na harufu! Kitu kama kucha zinaungua.

Akaitwa fundi. Fundi mwenyewe mcheshi, maneno mengi, lakini kazi anaiweza. Akafungua boneti, akainama, akatikisa kichwa. "Mama, huu ni uzee tu. Injini imeishiwa pumzi." Akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaweka chujio jipya la hewa. Walipowasha, injini iliimba, nawaambia. Wakaenda mlimani. Gari likagoma vile vile.

"Kanyaga mafuta, mama!" fundi akapiga kelele. "Usilionee huruma!"

Mama akakanyaga. Akakanyaga mpaka mguu ukaingia ganzi. Injini inanguruma, moshi unatoka nyuma, harufu imezidi, na kanisa liko kule kule juu. Likazima tena. Mama akainamisha kichwa kwenye usukani, machozi yakamtoka. Harusi ilikuwa keshokutwa.

Wakageuza kurudi. Kwenye mteremko wa kushukia mtoni mama akaamua aokoe mafuta, aachie gari lijiteremkie lenyewe. Akatoa gia. Akaondoa mguu kwenye breki. Na gari, badala ya kuteremka, likasimama pale pale kwenye mteremko. Tuli!

Watu waliokuwa wanapita wakashangilia. "Breki hizo! Mama, gari lako breki zinashika!" Fundi naye akadakia, "Nilikwambia nini? Gari ni la zamani, lakini breki zake zinashika kuliko za magari mapya."

Mama akafurahi. Nani asiyependa kusifiwa? Akatabasamu na machozi yake usoni. Kisha akatazama chini, akaona miguu yake yote miwili imepumzika kwenye zulia.

"Fundi," akasema, "ni nani ameshika breki?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi sijashika."

Fundi akachungulia. Kweli, mguu haupo. Gia imetolewa. Hendibreki iko chini, imelazwa kabisa. Wakatazamana. Gari limesimama kwenye mteremko bila mtu kulishika, na mtaa mzima umelipigia makofi!

Mama akashuka. Akagusa gurudumu la mbele, lina joto la kawaida. Akaenda nyuma, akanyoosha mkono, akaurudisha mbio. "Uwii!" Fundi akachukua chupa ya maji ya kunywa akamwagia kidogo kwenye rimu. Chwaaa! Upande wa pili, chwaaa! Akashika kiuno. "Loo, mama yangu. Siku zote hizi tunaitibu injini, na injini haiumwi. Breki za nyuma zimeshika na haziachii."

Wakalirudisha nyumbani polepole, wakasubiri magurudumu yapoe. Wakaweka mawe mbele, wakapiga jeki nyuma. Fundi akajaribu kulizungusha gurudumu kwa mikono miwili, halikugeuka. Akaingia uvunguni, akafuata waya wa hendibreki kwa vidole, ule unaotoka kwenye mkono wa hendibreki mpaka nyuma. Ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya mpira wake, umevutika ukagandia hapo. Huku mbele umeteremsha mkono wa hendibreki, unadhani umeachia. Kule nyuma hakuna kilichoachia.

Fundi akauliza kutoka uvunguni, "Mama, hendibreki hii nani aliivuta mara ya mwisho? Maana imevutwa kwa hasira."

Mama alikumbuka vizuri. Siku ya kumaliza matanga, mdogo wa marehemu, shemeji yake, alisimama mbele ya watu akasema gari la kaka lirudi kwenye ukoo. Mama alikwenda akaingia ndani ya gari, akavuta hendibreki kwa mikono yake miwili mpaka ikalia, akafunga milango, akauweka ufunguo kifuani. Tangu siku hiyo hajamsemesha shemeji. Na kadi ya harusi hakumpelekea. Binti angeingizwa kanisani na mjomba, basi.

"Niliivuta mimi," akasema mwisho.

Wakafanya kazi. Dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu, ilikuwa imegandamana na breki shuu, zile za kuibana, fundi akaizunguka kwa nyundo, anagonga taratibu, anagonga, mpaka ikatoka na vumbi jeusi. Wakapiga msasa, wakaweka springi mpya, zile za kurudisha breki nyuma ukishaachia. Mama mwenyewe akashika ule waya, akautia oili, akawa anauvuta na kuurudisha, anauvuta na kuurudisha, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko na mwanawe akimlilia, "Mama, kucha za harusi!" Waya ukakaza, ukakwaruza, halafu ghafla ukateleza wenyewe. Fundi akafunga kila kitu, akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, likakataa kusimama. Mama akapiga kigelegele hapo hapo uani!

Jumamosi ikafika. Mama kwenye usukani, mjomba pembeni, bibi harusi nyuma na shela lake limejaa kiti kizima. Gari likaushika mlima. Kona ya kwanza, limepita. Linapanda kama halijawahi kuugua! Watu pembeni ya barabara wanapunga mikono, akina mama wanapiga vigelegele, mama naye anapiga honi kama ana wazimu.

Pale mlima unapokuwa mkali kuliko pote, akamwona mtu anapanda kwa miguu. Koti la suti amelitupia begani, viatu amevishika mkononi visichafuke. Shemeji. Hakualikwa, lakini mtoto wa kaka yake anaolewa, atakaaje nyumbani? Aliposikia gari akasogea kwenye majani, akavua kofia, akasimama awapishe.

"Mama," binti akasema nyuma kwa sauti ndogo, "yule baba mdogo."

Mjomba akaona mguu wa mama unasogea. "Dada, usithubutu! Ukisimama hapa huondoki tena. Harusi inatungoja!"

Ndugu zangu, wewe ungesimama? Sema kweli, uko nyumbani mwa Mungu. Mlima mkali, gari la zamani, ahadi ya marehemu imebaki kona chache tu, na pembeni amesimama mtu aliyekudhalilisha mbele ya waombolezaji. Ungesimama?

Mama akakanyaga breki. Akavuta hendibreki. Gari likatulia mlimani. Akashusha kioo.

"Shemeji, panda. Mtoto hana baba wa kumwingiza kanisani."

Yule baba hakusogea. "Shemeji... kwa gari hili hili?"

"Hili hili. Panda, tunachelewa."

Akapanda, analia, akalikalia na shela. Sasa ikaja kazi. Mjomba amefumba macho. Mama akaweka gia, akatia mafuta taratibu, akateremsha hendibreki. Na kule nyuma, breki zikaachia. Gari likaondoka! Likaupanda mlima ule na mzigo wake umeongezeka, na likafika mlangoni pa kanisa vigelegele vimelitangulia.

Sasa nisikilizeni. Sisi waumini tukitaka kumsifu mtu tunasemaje? Tunasema, "Yule bwana ameshika dini." Si ndivyo? "Yule mama ameshika kweli kweli." Na mimi mwenyewe ninapenda kusifiwa hivyo. Lakini hebu tuulizane, tumeshika dini peke yake? Maana wapo walioshika dini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wamemshika ndugu yao shingoni, hawajamwachia tangu msiba wa mwaka juzi. Halafu tunakuja hapa mbele: "Mchungaji, niombee nguvu. Maisha yangu hayaendi, nimefunga, nimekesha, siendi." Tunakanyaga mafuta! Tunataka Mungu atuongezee injini, na injini aliyotupa haina ugonjwa wowote. Na ukisimama mahali pamoja miaka, watu wanakupigia makofi, wanasema, tazama alivyo imara.

Mimi sina la kuongeza. Kuna jina limekujia tangu nilipoanza kusema, usijifanye hulijui. Wengine itabidi mpande basi kumfuata. Wengine wala. Yumo humu humu, ameketi upande wa pili, na ulipoingia ulimwona ukachagua benchi la mbali. Tusimame tuimbe. Na tukisimama, msinitazame mimi. Mtazameni yeye.