Kwa Nini Malkia wa Sisimizi Hukata Mabawa Yake

Wajukuu zangu, acheni kwanza kuwafagia hao sisimizi. Kaeni niwaeleze.

Zamani sisimizi wote walikuwa na mabawa. Waliishi juu ya miti, wakala walichokipata siku hiyo, wala hawakujua akiba. Ndipo ukaja ukame mrefu, wakawa wanadondoka matawini kama majani. Mama mmoja, Nakijwa, alibakiwa na binti mmoja tu, Zawena. Akawa anamlisha kila alichookota, hata tumbo la binti likavimba na kung'aa.

Zawena akaingiwa na hofu. "Mama, nikiwa mzito hivi, ndege si watanidaka?"

"Huenda," mama akajibu, hakumficha. "Lakini mvua ikinyesha utaruka kwenda kuolewa, na huko utakakotua hakuna wa kukupokea. Kula, mwanangu."

Mvua ikanyesha. Sisimizi wakaruka kwa maelfu, na mbayuwayu wakawashukia. Zawena alimpata mume huko huko angani, kijana mwembamba aitwaye Kiondo. Walipoachana tu, mdomo wa ndege ukajifunga. Kiondo hakuonekana tena.

Zawena akaanguka topeni. Kivuli cha ndege kikamfunika. Akaona ufa ardhini, akaingiza kichwa, lakini mabawa yakamkwamisha. Nyuma yake kucha zilikwaruza. Akayang'oa mwenyewe, moja baada ya jingine, akatumbukia gizani na kuziba tundu kwa udongo.

Humo akataga. Watoto walipoanguliwa walilia njaa, na juu nyayo zilipita na kurudi. Hakuthubutu kutoka. Akawalisha mafuta ya tumboni mwake. Yalipokwisha, ile nyama ya mabegani iliyokuwa ikirusha mabawa ikaanza kuyeyuka, akawalisha na hiyo. Akakonda, asijue kipi kitatangulia, yeye kufa au wao kukua.

Wakakua, wadogo mno, bila mabawa, maana chakula hakikutosha kuyaotesha. Wakatoboa udongo.

"Mama, njoo uone jua!"

Zawena akarudi kinyumenyume hadi ukutani. "Zibeni," akasema. "Zibeni upesi!"

Na tangu siku hiyo, binti wa sisimizi atakayekuwa malkia hulishwa akanenepa na kuota mabawa kabla ya mvua. Huruka mara moja tu, kisha hukata mabawa yake na kujifungia ardhini. Ukichimba ukamfikia, hakimbilii mwangani. Huzama chini zaidi.